Nusura Azame: Jinsi Darasa Lilivyomzamisha Mtoto Ambaye Hakuzama

Ukurasa wa 23 wa riwaya hauna kifo. Shaibu anateleza chomboni, babu yake anamdaka mkono, safari inaendelea kwa sura 6 zaidi. Hata hivyo, wanafunzi 10 wa Darasa la Tano walipoitwa mmoja mmoja chini ya mti wausimulie ukurasa huo kwa maneno yao, 6 walisema Shaibu alizama. Mmoja aliongeza kuwa ndiyo maana kamba inatajwa: ya kuopolea maiti. Siku mbili kabla, wote 10 walikuwa wamepata alama 8 au zaidi kati ya 10 katika maswali ya ufahamu ya sura ile ile.

Kisa kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia katika madarasa ya vijijini mkoani Dodoma. Shule haitajwi, riwaya nayo haitajwi, na sentensi zinazonukuliwa zimetungwa kwa mfano wa lugha ya vitabu vya aina hiyo.

Darasa na kitabu

Ni shule ya msingi ya serikali katika Wilaya ya Bahi, magharibi ya jiji la Dodoma. Darasa la Tano lina wanafunzi 68 wanaokaa watatu watatu kwenye dawati. Nyumbani wengi huongea Cigogo. Kiswahili ni cha shuleni, dukani na redioni. Wanafunzi 9 bado hawajamudu kusoma, waliobaki husoma kwa sauti bila kukwama sana. Riwaya ina kurasa 72 na sura 9, inahusu mtoto anayesafiri na babu yake kwa jahazi, na shule ina nakala 12, mbali na moja ya mwalimu. Imetengewa vipindi viwili kwa wiki, kila kimoja dakika 40.

Andalio la somo la sura ya 3 lilikuwa kama tulivyozoea kuyaona. Mwalimu aliandika ubaoni maneno 14 na maana zake kutoka kwenye kamusi: nahodha, nanga, tanga, mlingoti, kusi, bamvua na mengineyo. Wanafunzi wakanakili. (Kichwa kilisomeka “Misamiati mipya”. Msamiati ni jumla ya maneno ya lugha, wala si neno moja moja, lakini vita hiyo tumeshashindwa, tuendelee.) Kunakili kulimaliza dakika 22. Kisha wakasoma kwa zamu, kila mtoto aya moja, na mwisho yakaja maswali 10 ya kujibu daftarini.

Kusoma kwa zamu katika darasa la watu 68 kuna hesabu yake. Hata mwalimu asiposema neno kwa dakika zote 40, kila mtoto anapata sekunde 35. Muda uliobaki anahesabu vichwa ili ajue aya yake ni ipi, anaikariri kimoyomoyo, na akishaisoma kazi yake imekwisha.

Kilichodhaniwa kuwa tatizo

Mwalimu aliamini kikwazo ni bahari: mtoto wa Bahi ataijulia wapi? Ndiyo sababu maneno yote 14 yalikuwa ya majini. Dhana hiyo ina ukweli nusu. Bwawa la Bahi hujazwa na Mto Bubu mwaka wa mvua nzuri, na ukame ukizidi hukauka. Likiwa na maji, watu huvua kambale na perege humo. Mtumbwi, wavu, mshipi na ndoano si mageni kwa watoto wengi wa pale, na dakika walizotumia kunakili maana ya mtumbwi zilipotea bure.

Neno lililowapotosha halikuwa geni hata kidogo: chombo. Kwa mtu wa pwani, chombo kikitia nanga kila mtu anajua ni jahazi au mashua. Kwa mtoto wa bara, vyombo ni vile vinavyooshwa baada ya kula. Ubaoni maana ya nahodha ilikuwa “kiongozi wa chombo cha majini”, yaani neno lisilojulikana limefafanuliwa kwa neno linalojulikana vibaya. Walipoambiwa wachore tukio la ukurasa wa 23, mtoto mmoja alichora sufuria yenye mkono mrefu ikielea, na watu wawili ndani yake. Mchoro ule ulisema mengi kuliko majibu 10 ya daftarini.

Kiswahili sanifu kilisimikwa juu ya Kiunguja, lahaja ya kisiwa cha Unguja, baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 kuamua hivyo na kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki kuanza kazi 1930. Chumvi ya bahari imebaki ndani ya maneno ya kawaida kabisa. Kwa hiyo neno la kuogopwa zaidi ni lile ambalo mtoto anaamini analijua. Neno geni humfanya asimame na kuuliza, lakini chombo humfanya aendelee mbele akiwa ndani ya sufuria.

Aya yenyewe

Hizi ndizo sentensi tano zilizomzamisha Shaibu:

“Chombo kilipanda wimbi, kikashuka. Shaibu aliteleza, nusura azame. Babu alimshika mkono, akamwambia ajifunge kamba. Laiti angalimsikiliza tangu asubuhi, wasingalifika hapo. Kumbe tanga lilikuwa limeshatatuka.”

Kati ya maneno 14 ya ubaoni, lililomo humu ni tanga tu. Maana ya aya imebebwa na mengine kabisa.

Nusura kwanza. Waliosema Shaibu alizama walisoma “azame”, wakalitambua kuwa linatokana na zama, wakaliruka neno dogo lililotangulia. Ajabu ni kwamba maana yake wanayo. Mtoto aliyeponea chupuchupu kugongwa na baiskeli husema “kidogo nigongwe”, na umbo la kitenzi ni lile lile. Redioni pia wanasikia kuwa abiria wamenusurika katika ajali, na wanajua aliyenusurika yu hai. Hakuna aliyewaonyesha kwamba nusura ya kitabuni, kidogo ya mtaani na nusurika ya redioni ni jamaa.

Sentensi ya babu na kamba ina viambishi vya a- vitatu. “Alimshika”: a- ni babu, -m- ni Shaibu. “Akamwambia”: ni hao hao. “Ajifunge”: a- imehama kimyakimya, sasa ni Shaibu, na -ji- ni yeye mwenyewe. Watoto 4 kati ya 10 walisema babu ndiye aliyejifunga kamba. Si uzembe. Walishika mtenda wa kwanza wakaenda naye hadi kituo. Riwaya yenye wahusika wawili wa ngeli moja imejaa mitego hii kila ukurasa, na hakuna kamusi inayoweza kuitegua.

“Laiti angalimsikiliza” ndiyo ngumu kuliko zote. Kwanza, -ngali- haisikiki sana katika mazungumzo siku hizi, -nge- imetwaa kazi yake, kwa hiyo masikio hayajaizoea. Pili, “angali” mtoto anaijua kwa maana ya bado, kama katika “angali mdogo”. Tatu, kanushi ina maana ya kinyume: “wasingalifika hapo” maana yake wamefika. Aliyesoma juu juu hupata hadithi iliyopinduka: Shaibu alimsikiliza babu, na hawakufika popote.

Limeshatatuka nalo lina kituko chake. Watoto wanajua kutatua tatizo. Kwamba kutatua ni pia kuchana au kurarua, wengi hawajawahi kusikia. Ukijumlisha na wale waliodhani tanga ni mji wa Tanga ulioandikwa kwa herufi ndogo, sentensi ya mwisho inakuwa habari njema: mambo ya Tanga yametatuliwa.

Kwa nini alama zilikuwa juu

Tazama sentensi hii isiyo na maana yoyote: “Kizavuli kilimvopa mgenduzi, kisha kikatwinga hadi loponi.” Swali: Nani alivopwa na kizavuli? Jibu: Mgenduzi. Swali: Kizavuli kilitwinga hadi wapi? Hadi loponi. Alama 2 kati ya 2, na wewe uliyejibu hujui kizavuli ni mnyama au mashine. Upatanisho wa Kiswahili, ki- kwa ki-, m- kwa m-, unampa mwanafunzi kamba ya kujivutia hadi kwenye jibu bila kuelewa kitu.

Maswali 8 kati ya 10 ya sura ya 3 yalikuwa ya aina hiyo, ya kunyofoa. “Nani alimshika mkono Shaibu?” “Chombo kilipanda nini?” Mtoto anatafuta mstari wenye maneno ya swali, ananyofoa kilichobaki, anapata tiki. Swali la kunyofoa lina kazi yake, linaonyesha kama mtoto amefungua ukurasa sahihi. Ila lisitumiwe kama kipimo cha ufahamu.

Kuchagua maneno

Sura ya 4 iliandaliwa upya. Mwalimu aliisoma mara mbili nyumbani, mara ya pili akiwa na penseli, akijiuliza kwa kila neno lenye shaka: mtoto akilikosea hili, tukio linabadilika? Likibadilika, neno linaingia kwenye orodha ya kufundishwa hata liwe dogo kama nusura, kumbe, licha ya au angalau. Lisipobadilika lakini linakuja mara kwa mara, kama nanga, linaelezwa papo hapo kwa pumzi moja, “chuma kizito kinachozuia chombo kisiende”, na kusoma kunaendelea. Mengine yanaachwa. Mtoto hahitaji kujua bamvua ili aelewe kuwa maji yalikuwa mengi usiku ule, sentensi yenyewe inasema.

Maneno ya kufundisha kwa kina yasizidi matano kwa sura. Mwalimu alianza na 9, akaishia kufundisha 4 na mengine kuyataja tu, kisha mwenyewe akapunguza. Maneno kama kupwa na kujaa yanastahili nafasi kwa sababu yana mlango wa pili: ukishajua maji hupwa, unaona pwani ilivyoundwa, yaani mahali maji yanapopwa. Pepo za kusi na kaskazi vilevile, kwa mtoto anayejua kusini na kaskazini.

Nusura ilifundishwa kwa kikombe. Mwalimu alikiweka kikombe cha bati chenye maji ukingoni mwa meza, akakisukuma kwa kidole, akakidaka. “Nusura kianguke.” Kimeanguka? Hakijaanguka. Mtaani tungesemaje? “Kidogo kianguke.” Kisha sentensi zao: nusura mlenda uungue, nusura mbuzi watumbukie kisimani. Makosa yalikuja ya aina mbili. Wengine waliandika “nusura nilianguka”, wakasahau kwamba kitenzi kinachofuata hugeuka kuwa nianguke. Wengine waliandika “nusura nifaulu mtihani”, na hapo ilibidi waambiwe kuwa nusura hukaa na balaa, mtu hanusuriki kufaulu. Kazi yote ilichukua dakika 6 kwa neno moja. Ni ghali, na ndiyo maana maneno yawe machache.

Dakika 40 zilivyogawanywa

Dakika 5 za kukumbushana, 8 za maneno, 10 mwalimu anasoma kwa sauti, 10 vikundi vinasoma tena, 7 za kuandika. Nakala 12 kwa watoto 68 zilitoa vikundi 8 vya watu sita na 4 vya watu watano. Mpangilio wa kukaa ni jambo kubwa hapa. Kikundi kikizunguka kitabu, nusu yao wanasoma herufi zikiwa juu chini, na baada ya dakika mbili wameacha. Kilichofaa ni watatu kukaa kwenye dawati na waliobaki kusimama nyuma yao, wote wakitazama upande mmoja, halafu ukurasa unaofuata wanabadilishana.

Aya moja ngumu ya kila sura iliandikwa kwenye bango. Karatasi za manila zilipoisha ilitumika karatasi safi ya ndani ya mfuko wa saruji, iliyopasuliwa, ikakung’utwa vumbi nje na kunyooshwa chini ya vitabu usiku kucha. Sentensi zisizidi tano, herufi zenye kimo cha sentimita 4, la sivyo dawati la mwisho halisomi. Bango lifungwe fito juu na chini, maana madirisha hayana vioo na upepo wa Dodoma hauombi ruhusa. Juu ya bango watoto walichora kwa chaki ya rangi mstari kutoka kila kiambishi hadi kwa mwenyewe: a- kwa babu, -m- kwa Shaibu, a- ya ajifunge kwa Shaibu. Zoezi hilo la dakika 4 lilitibu kosa la kamba haraka kuliko maelezo yoyote.

Maswali yalipungua hadi matatu. La kwanza ni la ndiyo au hapana, na linagusa neno lenye mtego: Shaibu alizama? La pili: neno gani limekuambia? La tatu linadai kuunganisha sehemu mbili za kitabu, mfano: babu alimwonya nini asubuhi, na ukurasa huu unaonyeshaje kuwa alikuwa na haki? Kwa la kwanza, watoto hufumba macho na kuweka mkono kifuani, kiganja wazi kwa ndiyo, ngumi kwa hapana. Mikono ikinyooshwa juu watafuata mwenye akili wa darasa, na mwalimu atahesabu kura ya mtu mmoja mara 68.

Yaliyokwama

Kukumbushana kwa dakika 5 kulikula dakika 20 wiki ya kwanza, kwa sababu ilikuwa Machi. Wakati uwele na mtama unaiva, watoto wengi hukaa shambani kuamia ndege, kwelea kwelea wasimalize mazao. Jumatano moja walikuwepo 41 tu. Riwaya, tofauti na hadithi fupi ya kitabu cha kiada, haimsamehe aliyekosa sura. Dawa ilikuwa karatasi ukutani: kila sura ikiisha, kikundi kimoja kinaandika sentensi 4 zinazosema nani, wapi, nini kimeharibika, nini kinasubiriwa. Aliyekosa anaisoma kabla kengele haijalia.

Vikundi navyo vilipata mabwana. Mwenye kusoma vizuri alikishika kitabu, wengine wakawa wasikilizaji. Iliamuliwa anayeshika kitabu asisome, bali afuate mstari kwa kidole anaposoma mwenziwe.

Wale 9 wasiomudu kusoma hawakusaidiwa na lolote kati ya haya kwa upande wa kusoma. Walisikiliza, walisimulia vizuri, wawili kati yao waliunasa mtego wa kumbe kabla ya wengine, lakini herufi zilibaki pale pale. Walipangiwa dakika 15 asubuhi za silabi na maneno mafupi, kazi ya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), mbali na riwaya. Anayetamka silabi moja moja hafiki mwisho wa sentensi akiwa bado anaukumbuka mwanzo wake.

Kulikuwa na shida ya madaftari. Mwalimu wa taaluma alipoyafungua alikuta kurasa nyeupe ambapo zamani palijaa maneno 14 na maana zake. “Madam, wathibiti ubora wa shule wakija nitawaonyesha nini?” Swali la haki. Walikubaliana kila kipindi kiache sentensi 2 za mtoto mwenyewe na jibu moja lenye ushahidi. Kusahihisha 68 kila siku hakuwezekani, basi yakakusanywa madaftari ya vikundi viwili kwa kila kipindi, yasiyozidi 12, kwa zamu. Mengine mwalimu aliyapitia akizunguka, akiweka alama chini ya kitenzi kilichofuata nusura tu.

Ukurasa wa 46

Katika sura ya 6 uliteuliwa ukurasa mwingine wenye mitego ile ile, na wakaitwa watoto 10 wa awali pamoja na 10 wengine ambao hawakuwahi kuhojiwa, maana wa awali huenda walishajua nini kinatafutwa. Kati ya wote 20, mmoja alikosea nusura na watatu walikosea a- ni ya nani. Chombo hakikuwa tena sufuria kwa yeyote. Lakini 13 waliigeuza sentensi yenye -ngali-, wakasema lililotokea halikutokea.

Sababu haikuwa mbali. Nusura ilikuwa na ndugu yake mtaani, -ngali- haikupewa ndugu. Mwalimu alikuwa ameieleza ubaoni kama kanuni, jambo ambalo kwa nusura hakulifanya. Kuanzia sura ya 7 alianza kuipitisha mdomoni kwanza, akianzia kwenye -nge- wanayoisema kila siku. Dakika 3 kabla ya somo, upande mmoja wa darasa unaanza, “Laiti mvua ingalinyesha mapema...”, upande wa pili unamalizia, “...uwele usingalikauka.” Kisha swali moja: mvua ilinyesha mapema? Wiki ya kwanza walicheka zaidi ya kujibu.

Wiki ya tatu, katika madaftari 12 yaliyokusanywa, mtoto aliyekosa kipindi cha Jumatano alikuwa ameandika: “Laiti ndege wasingalikuja, ningalikuwepo shuleni.” Mwalimu aliiandika ubaoni bila jina, akawaambia wafumbe macho, akauliza kama ndege walikuja. Safari hii viganja vilivyofunguka vilikuwa vingi kuliko ngumi.